Joss Stone na albamu ya tatu: alichemsha, au watu walisikiliza nywele badala ya sauti?



Juzi kijiweni tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Mshkaji mmoja alikuwa anapiga nyimbo za zamani kwenye simu yake, ikaingia sauti ya dada mmoja wa Kiingereza, nzito, ina mikwaruzo, kama mama wa miaka hamsini anayeongoza kwaya. Nikauliza nani huyo. Akasema Joss Stone, halafu akaongeza, "ila huyu alikuja kuchemsha na albamu ya tatu". Mwingine akadakia, akasema hiyo ya tatu ndiyo albamu yenyewe, zile za mwanzo alikuwa anaimbishwa. Basi bwana, ikawa vita.

Nilivyorudi nyumbani nikaisikiliza ile albamu yote, mara tatu, kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Inaitwa Introducing Joss Stone na ilitoka Machi 2007. Kumbe ubishi wetu wa kijiweni sio mpya hata kidogo, maana watu waligawanyika tangu wiki ile ile ilipotoka. Wengine waliimwagia sifa, wengine waliiponda mpaka basi. Leo nataka tuelewane kwa nini ilikuwa hivyo na nani alikuwa na hoja.

ALIANZIA WAPI

Jina lake la kuzaliwa ni Joscelyn Eve Stoker, kazaliwa Dover, Uingereza, tarehe 11 Aprili 1987, akakulia kijijini huko Devon. Devon ni mashamba na ng'ombe, sio mji wa soul hata kidogo. Lakini akiwa mtoto aliona tangazo la nyimbo bora za Aretha Franklin kwenye televisheni, akaitaka hiyo CD, na ndiyo ikawa mwalimu wake. Shule haikumkubali sana, ana ule ugumu wa kusoma na kuandika ambao herufi zinakuchezea machoni. Aliacha masomo akiwa na miaka 16. Sisi wengine tulioishia sekondari tunamwelewa hapo bila kuelezwa.

Mwaka 2001 akashiriki shindano la vipaji la BBC lililoitwa Star for a Night, akashinda. Kutoka hapo akafika mpaka New York kumwimbia bosi wa lebo ya S-Curve, Steve Greenberg. Bosi akasikia sauti, akaona umri, akapata wazo: huyu mtoto asiimbe nyimbo za vijana wenzake, aimbe soul ya zamani, tena zile ambazo wengi hawazijui, na apigiwe na wazee wenyewe waliokuwepo enzi hizo.

Wakampeleka Miami. Huko akakutana na Betty Wright, mwanamama aliyekuwa na vibao vyake tangu akiwa binti mdogo mwishoni mwa miaka ya 60 na mwanzoni mwa 70. Mama huyu, aliyefariki Mei 2020, alikuwa mmoja wa maprodyuza, na ndiye aliyemfundisha kwamba kwenye soul mahali pa kunyamaza pana thamani sawa na mahali pa kupiga kelele. Wapigaji walikuwa watu kama Timmy Thomas, Latimore na Little Beaver. Matokeo yake ni The Soul Sessions, mwaka 2003, msichana akiwa na miaka 16.

Albamu hiyo iliuza mamilioni duniani na mwaka 2004 ikaingia kwenye orodha ya tuzo ya Mercury kule Uingereza. Mwaka huo huo, Septemba, akatoa ya pili, Mind Body & Soul, sasa na nyimbo mpya ambazo nyingi alishiriki kuziandika. Ikaenda moja kwa moja namba moja Uingereza. Alikuwa na miaka 17, na kabla yake hakuna msichana wa umri huo aliyewahi kufika namba moja kwenye chati ya albamu ya kwao. Mwaka 2005 akabeba Brit mbili. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanateleza kama mlenda.

SOUL NI NINI MPAKA WATU WAGOMBANE

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana bila kuelewa hili ubishi wote hautaeleweka.

Soul ilizaliwa kwenye makanisa ya Wamarekani weusi. Watu kama Ray Charles na Sam Cooke walichukua uimbaji wa kanisani, ule wa kuita na kuitikiwa, wa kuvuta neno moja mpaka watu wasimame kwenye viti, wakaupeleka kwenye nyimbo za mapenzi na maisha. Hiyo ni miaka ya 50. Miaka ya 60 ikashika kila mahali: Detroit kulikuwa na Motown, Memphis kulikuwa na Stax, na Aretha, binti wa mchungaji, akawa malkia. Wakati huo huo watu weusi walikuwa wanapigania haki zao, wanapigwa virungu barabarani. Kwa hiyo soul sio mapigo na sauti tu. Msikilizaji anaamini kwamba anayeimba ameyaishi anayoyaimba.

Ndiyo maana swali lilimfuata Joss Stone tangu siku ya kwanza: huyu binti mweupe wa kijijini Devon, mwenye miaka 16, ameyaishi yapi? Ukimsikia bila kumwona unasema huyu ameachwa na waume watatu. Ukimwona, bado anaishi kwa mama yake. Wapo waliosema sauti ni sauti, Mungu hagawi kwa rangi wala umri. Wapo waliosema anaigiza tu maumivu ya watu wengine, na kwamba wenye muziki wao walishindwa kuuza kwa sababu ya rangi, halafu anakuja mtoto mweupe anavuna.

Na hakuwa wa kwanza. Dusty Springfield, Mwingereza mwenzake, alitoa albamu ya soul Dusty in Memphis mwaka 1969. Wakati ule haikuuza vizuri kabisa, leo inahesabiwa kati ya albamu kubwa za aina yake. Kwa hiyo hata swali hili la nani ana haki ya kuimba soul, jibu lake huwa linabadilika kadiri miaka inavyokwenda.

AKAAMUA KUJITAMBULISHA UPYA

Sasa angalia jina la albamu ya tatu. Introducing maana yake ni kumtambulisha mtu kwenu kwa mara ya kwanza. Mtu ana albamu mbili, ana mamilioni ya mauzo, ana tuzo, halafu anasema sasa ndiyo najitambulisha! Mwenyewe alieleza kwamba hii ndiyo ya kwanza aliyoisimamia yeye, inayomwonyesha yeye. Kwa lugha nyingine alikuwa anawaambia watu kwamba yule mliyempenda alikuwa mimi kidogo, na wakubwa zangu kwa sehemu kubwa. Ni kauli nzito hiyo. Na wapo ambao haikuwafurahisha, kwa sababu walimpenda yule yule wa mwanzo.

Alibadilisha watu aliofanya nao kazi. Badala ya Greenberg na Betty Wright akamchukua Raphael Saadiq, jamaa aliyetoka kundi la Tony! Toni! Toné!, fundi wa besi na mtu anayeijua soul ya zamani na R&B ya kisasa kwa pamoja. Wakarekodi Bahamas na kwingineko. Akawaita rapa Common na Lauryn Hill, na Lauryn wakati huo alikuwa haonekani ovyo, kumpata ilikuwa ni habari peke yake. Nywele akazipaka rangi. Kava likamwonyesha yeye mwenyewe, mwili mzima umechorwa rangi na mapambo, hana nguo. Yule binti wa peku na gauni refu, ambaye akina baba na akina mama walimzoea, akawa hayupo tena.

SIKU TATU ZA FEBRUARI

Hapa ndipo palipoharibika, na wala hapahusu muziki.

Tarehe 11 Februari 2007, kule Los Angeles, Joss Stone alishinda Grammy pamoja na John Legend na Van Hunt kwa wimbo Family Affair. Siku tatu baadaye, tarehe 14, akawa London kwenye tuzo za Brit, akipanda jukwaani kutoa zawadi kwa mshindi. Akafungua mdomo... ikatoka lafudhi ya Kimarekani. Msichana wa Devon! Akaongea mambo mengi, mara amtetee Robbie Williams ambaye ndio kwanza alikuwa ameingia kituo cha kutibiwa, mara acheke, watu wakabaki wanaangaliana.

Kesho yake magazeti ya Uingereza yalimla mbichi. Anaringa, kasahau kwao, anajifanya Mmarekani. Albamu ilikuwa bado mwezi mmoja itoke na tayari watu walishachukia.

Sisi Waswahili tunalijua hili vizuri sana. Mtu anakaa Ulaya miezi mitatu akirudi anaongea kwa kubana pua, mtaa mzima unamcheka. Na kwenye muziki wetu pia, kuna kipindi waimbaji wa R&B wa Bongo waliitwa "wabana pua", kana kwamba kuimba kwa kunong'ona na kupinda sauti ni uhaini. Mimi mwenyewe shuleni niliwahi kusoma risala kwa Kiingereza nilichokiokota kwenye filamu, nikadhani nimefunika. Nilizomewa mpaka nikameza maneno, na toka siku hiyo sikuwahi tena kusimama mbele ya watu kusoma kitu. Risala yenyewe ilikuwa nzuri. Hakuna aliyekumbuka ilisema nini.

Halafu fikiria kidogo. Waingereza wanaimba kwa lafudhi ya Kimarekani tangu enzi za Mick Jagger na hakuna aliyelalamika. Na Joss Stone mwenyewe aliimba hivyo hivyo kwenye albamu zote mbili walizompenda. Alikuwa anafanya kazi Marekani tangu ana miaka 15 au 16, umri ambao ulimi bado unanasa kila kitu. Kosa lake ni kwamba ile lafudhi ilitoka kwenye wimbo ikaingia kwenye maongezi.

NAMBA ZINASEMAJE

Albamu ilipotoka, Marekani iliingia namba 2 kwenye chati ya Billboard ikiwa imeuza nakala 118,000 wiki ya kwanza. Hapo ilikuwa rekodi kwa mwanamke wa Kiingereza anayeimba peke yake kuanzia juu namna hiyo. Kwao Uingereza, ambako albamu iliyotangulia ilikaa namba moja, hii iliishia namba 12. Nabii hakubaliki kwao, wahenga walishasema.

Lakini kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalitaji. Ile rekodi ya Marekani aliivunja ya nani? Ya Amy Winehouse, iliyokuwa na umri wa wiki moja tu. Back to Black ilikuwa imeingia huko namba 7, wiki iliyofuata Joss akaipita. Sasa kwa Waingereza hilo lilikuwa tatizo kwa Joss, maana walishapata msichana mwingine wa soul, na huyo aliimba mambo ya London kwa maneno ya London, baa zake, ugomvi wake, aibu zake. Ukimweka Joss pembeni yake, ghafla anaonekana kama nakala ya Marekani ya mwaka 1972. Albamu haisikilizwi peke yake wadau. Inasikilizwa pamoja na ile iliyo jirani yake dukani. Na Februari 2008 Amy alibeba Grammy tano, kwa hiyo kuongoza wiki ya kwanza hakukumsaidia Joss kitu.

WALIOPONDA WALIKUWA NA HOJA GANI

Ukizipanga lawama utaona ni mafungu matatu, na kosa kubwa ni kuyachanganya.

Fungu la kwanza ni la muonekano: lafudhi, nywele, kava. Hili mimi nalitupa. Halina sekunde hata moja ya muziki ndani yake.

Fungu la pili ni la haki: mweupe, mdogo, Mwingereza, anaimba soul kwa nini. Hili ni swali la kweli na linastahili heshima, lakini lilikuwepo tangu albamu ya kwanza. Kama 2003 hukuliuliza, usilitoe kabatini 2007 kwa sababu umechukia nywele.

Fungu la tatu ndilo la muziki wenyewe, na hapa waliomponda nawapa haki yao. Moja, anaimba kupita kiasi. Sauti ni kubwa, anaweza kupanda na kushuka noti kumi ndani ya neno moja, sasa anafanya hivyo karibu kila mstari. Kule Miami Betty Wright alikuwa anamshika mkono, hapa ni kama hakuna wa kumwambia mwanangu tulia. Mbili, maneno ni ya kawaida. Mapenzi matamu, mapenzi machungu, nakupenda muziki. Ukimaliza albamu hujui zaidi kuhusu msichana mwenyewe kuliko ulivyojua mwanzo, na alituahidi kwamba atajitambulisha. Tatu, kuna mambo yamewekwa tu. Albamu inafunguliwa na Vinnie Jones, yule mcheza mpira mkorofi wa zamani wa Wimbledon aliyegeuka mwigizaji, akitoa hotuba kuhusu mabadiliko. Nimesikiliza mara tatu na bado nashangaa amefuata nini pale.

NA WALIOSIFIA JE

Nao hawakuota. Saadiq alipiga kazi. Ngoma na besi za albamu ile zina joto, hazisikiki kama kompyuta, halafu hazilali. Tell Me 'Bout It haifiki hata dakika tatu, inaingia, inakuchezesha, inaondoka. Wimbo na Common unatembea taratibu kama watu wawili wanaorudi nyumbani jioni. Ule wa Music, mtu anauimbia muziki kama anavyoimbiwa mpenzi, na Lauryn Hill anapoingia unajua kwa nini dunia ilikuwa inamsubiri. Na Bruised but Not Broken, ulioandikwa na Diane Warren, ndio unaonyesha albamu yote ingekuwaje kama angejizuia kidogo: anaanza chini, anatunza nguvu, akipasua unapasuka naye.

Lakini zaidi ya nyimbo, waliosifia walisikia kitu ambacho wengine hawakukisikia: furaha. Kwenye The Soul Sessions anaimba kama mwanafunzi mzuri sana aliyepewa kazi na wazee. Hapa anakosea, anapiga kelele, anacheka, lakini hakuna anayemshika. Mtu wa miaka 19 anasikika kama mtu wa miaka 19. Wale waliotaka aendelee kuimba kama mama wa hamsini ndio walioumia.

Kwa hiyo jibu langu kwa washkaji wa kijiweni ni hili: wote wawili mlikuwa sahihi, ila mlikuwa mnazungumzia vitu viwili. Kama albamu, The Soul Sessions imepangwa vizuri zaidi, nakubali. Kama hatua ya mtu, ya tatu ni kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo alipoanza kulipia makosa yake mwenyewe badala ya kusifiwa kwa maamuzi ya watu wengine.

NA ALILIPIA KWELI

Baada ya hapo alikorofishana na kampuni yake, EMI, akatoa Colour Me Free! mwaka 2009, kisha akaondoka. Mwaka 2011 akatoa LP1 chini ya lebo yake mwenyewe, Stone'd Records. Hakuwahi kurudi kwenye ule ukubwa wa 2004, lakini alikuwa huru. Kuanzia 2014 akafanya ziara ya miaka kadhaa akiwa na lengo la kuimba katika kila nchi duniani. Mtu wa lebo kubwa hawezi kuruhusiwa wazimu wa namna hiyo.

Halafu kuna hili la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Mwaka 2021 kule Uingereza kulikuwa na shindano la televisheni, The Masked Singer, ambapo watu maarufu wanavaa mavazi yanayowafunika mwili mzima, hakuna anayewaona wala kujua ni nani. Watazamaji wanasikia sauti tu. Mshindi mwaka huo alikuwa mtu aliyevaa kama soseji. Wakamvua kinyago... Joss Stone.

Nchi ile ile, miaka kumi na minne baadaye. Nywele hazikuonekana, jina halikujulikana, ikabaki ile sauti ambayo alikuwa nayo siku zote.

Kwa hiyo wadau, siku nyingine kijana wa hapa kwetu akitoa albamu isiyofanana na ile tuliyoizoea, kabla hatujasema kachemsha tujiulize tunaponda fungu gani. Kama ni muziki, sawa, tuseme wazi wimbo gani na kwa nini, itamsaidia. Kama ni pua, tumwache abane.

Naomba kuwasilisha.